Minyaa na Mawe: Alama za Kale katika Nchi ya Kalemela

Msafiri aingiaye katika kijiji cha mashamba nchini Uingereza hana haja ya kuuliza sana ili ajue zilikoanzia habari za mahali pale. Mnara wa kanisa huonekana kabla ya nyumba, na chini ya mnara huwapo makaburi yenye majina na miaka iliyochorwa juu ya mawe. Vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko viliamriwa kuandikwa katika kila mtaa wa kanisa tangu mwaka 1538. Tena vijiji vingi vimetajwa katika kitabu kikubwa cha hesabu ya ardhi na mali kilichoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William wa Kwanza. Basi mwanafunzi wa habari za kale katika nchi ile hupata jiwe la kusoma na kitabu cha kulinganisha, na kazi yake ni kuwapatanisha mashahidi wawili ambao wote wanajua kuandika.

Mwanafunzi huyo huyo akiletwa Kalemela, katika nchi iliyo karibu na Ghuba ya Speke, Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu, atatazama kulia na kushoto asione mashahidi hao. Ataona mashamba ya pamba, mahindi na mtama, majaluba ya mpunga mabondeni, ng'ombe wakirudi kutoka machungani, nyumba za matofali zilizoezekwa kwa bati, na barabara kuu ya kutoka Mwanza kwenda Musoma ikipita katika wilaya hiyo. Nyumba iliyo nzee kuliko zote huenda isifikie umri wa mtu mzima wa kijijini. Yamkini atafunga daftari lake na kusema kwamba kijiji hiki ni kipya, wala hakina habari za kale za kuandikwa.

Neno hilo lina ukweli nusu, na nusu ya ukweli aghalabu hudhuru kuliko uongo mzima. Kijiji kwa umbo lake la leo ni kipya kweli. Watu wake, mashamba yake na majina ya mahali pake si vipya. Alama za nchi hii zipo, ila zimeandikwa kwa herufi nyingine, na asiyezijua herufi hizo hupita juu yake kama ng'ombe apitavyo juu ya kaburi.

Hati ya kwanza ya nchi ni udongo wenyewe. Wasukuma, kabla ya mtaalamu yeyote wa kilimo kufika kwao, walikwisha kuupa kila udongo jina lake kwa kadiri ya mahali ulipo kutoka kilimani hadi bondeni. Juu kabisa hukaa mawe ya matale, makubwa kama nyumba, yaliyopangana kana kwamba yamepangwa kwa mkono. Chini ya mawe hupatikana luseni, udongo wa kichanga ulio mwepisi kwa jembe, na hapo ndipo watu walipopenda kujenga na kulima nafaka. Chini ya luseni huja itogolo, ardhi ngumu isiyopitisha maji upesi. Mwisho huja mbuga, udongo mweusi mzito, ambao wakati wa mvua hunata miguuni na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, walipoanza kuchora ramani za udongo katika siku za utawala wa Kiingereza, waliyachukua majina hayo kama yalivyo, kwa sababu hawakupata mengine yaliyo bora. Basi mtu asimamaye juu ya jiwe na kutazama mteremko wa shamba mpaka mbugani husoma sababu ya kila nyumba kuwa pale ilipo na kila zizi kuwa pale lilipo. Jiwe la Uingereza humwambia msomaji ni nani aliyekufa. Mteremko wa Usukuma humwambia ni kwa nini watu waliweza kuishi.

Hati ya pili ni ziwa, nalo ni hati isiyokaa mahali pamoja. Wazee wa mwambao wa Ziwa Victoria hupima miaka kwa kupanda na kushuka kwa maji. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1961 ziliinua ziwa lote kwa zaidi ya meta mbili hata kufikia 1964, na maji yakameza mashamba, bandari ndogo na njia za mwambao. Mwezi wa Mei 2020 maji yalifikia tena kiwango cha 1964 na kukipita kidogo. Kwa hiyo mahali paitwapo pwani katika masimulizi ya babu huenda pakawa ndani ya maji katika siku za mjukuu. Samaki nao wamebadilika: furu waliokuwa wa namna nyingi mno walipungua vibaya baada ya sangara kutiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na majina ya furu ambayo wavuvi waliyatofautisha yalianza kukosa wenyewe. Jina likibaki bila kitu chake, huwa ni alama ya kale kama gofu lilivyo alama.

Ziwa hilo ndilo lililowaleta wageni wa kwanza walioandika vitabu. John Hanning Speke aliliona karibu na Mwanza katika siku za kwanza za mwezi wa Agosti 1858, akaliita kwa jina la malkia wake. Hakuwa na mashua ya kumfikisha mbali, akarudi kwa Burton aliyekuwa Tabora. Speke alifariki mwaka 1864. Zaidi ya miaka kumi baada ya kifo chake, tarehe 27 Februari 1875, Henry Morton Stanley alifika Kageye, kijiji cha ufukweni ambacho leo kimo katika Wilaya ya Magu, akiwa na mashua iliyochukuliwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Tarehe 8 Machi mashua hiyo, iitwayo Lady Alice, iliteremshwa majini ikashika njia ya mashariki. Stanley aliandika majina ya nchi alizozipita mwambaoni, Masanza na Nassa zikiwamo, na ile hori kubwa ya maji akaiita Ghuba ya Speke kwa kumheshimu mtu ambaye hakupata kuivuka.

Katika safari hiyo Stanley alipita mlango wa mto Simiyu. Aliamini kwamba mto huo ndio ulioleta maji ya Nile kutoka mbali kuliko yote upande wa kusini, na kwa muda mfupi mto wa Wasukuma ukawa na sifa kubwa katika vyumba vya wanajiografia wa London. Sifa hiyo haikudumu. Baadaye wapimaji walifuata mto Kagera na vijito vyake hata milimani, na katika miaka ya 1930 mnara mdogo wa umbo la piramidi ulijengwa Rutovu, nchini Burundi, kuonyesha chemchemi ya kusini kuliko zote. Mto Simiyu haukuhuzunika. Uliendelea kujaa wakati wa masika na kukauka sehemu nyingi wakati wa kiangazi, kama ulivyofanya kabla ya kusifiwa, na mwaka 2012 jina lake likapewa mkoa mzima.

Hapa pana jambo ambalo mwanafunzi wa habari za kale hapaswi kulipita. Stanley aliporudi Kageye mwanzoni mwa mwezi wa Mei 1875, alikuta kijana Mwingereza aliyemwacha kambini, Frederick Barker, amekwisha kufa tarehe 23 Aprili. Kifo hicho kimetajwa katika vitabu vingi. Katika kambi hiyo hiyo, katika majuma hayo hayo, walikufa pia wapagazi na askari kadhaa kwa kuhara damu na homa. Mmoja wao alikuwa Mabruki, aliyejulikana kwa jina la Mabruki Speke kwa sababu alikuwa katika msafara wa Burton na Speke kutoka 1857 hadi 1859, kisha akatumika katika misafara mingine. Mtu huyu alikuwa ameyaona maziwa makubwa kabla ya Stanley, alizijua njia kabla ya Stanley, na mwisho wake alizikwa kando ya maji yale ambayo yalikuwa yamepewa jina la Speke majuma machache kabla yake. Kama jina la ghuba lingetokana na mtu aliyelala kando yake, hapana aliyestahili jina hilo kuliko Mabruki. Ramani haikumkusudia yeye. Lakini asomaye habari kwa haki anaweza kumkusudia kila ataipotaja ghuba, wala hakuna sheria inayomkataza.

Baada ya wapelelezi walikuja wahubiri. Wamisionari wa kwanza wa Chama cha Church Missionary Society walifika Kageye mwezi wa Januari 1877. Kabla ya mwaka kwisha wawili wao, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe katika ugomvi uliomhusu mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Songoro. Wamisionari walipofukuzwa Buganda mwaka 1888 walikaa upande wa kusini wa ziwa, na Alexander Mackay akafariki Usambiro mwaka 1890. Katika miaka hiyo ndipo kituo cha Nassa kilipoanzishwa, katika nchi ambayo leo ni ya Busega. Mwaka 1909 kilikabidhiwa kwa Africa Inland Mission, na kutokana na kazi hiyo likakua kanisa ambalo hivi leo lina wafuasi wengi katika mikoa ya ziwa. Mtu atafutaye katika mwambao huu kitu kinachofanana na kanisa la kijiji cha Uingereza, yaani mahali penye daftari la ubatizo lenye majina ya baba na babu, hana budi kuanzia Nassa. Lakini akumbuke kwamba daftari hilo huwataja waliobatizwa tu. Wengine walibaki katika daftari la ukoo, ambalo husomwa kwa ulimi.

Wakati wahubiri walipokuwa wakijenga Nassa, msiba mkubwa uliingia katika nchi. Sotoka, maradhi ya ng'ombe yaliyoshuka kutoka kaskazini mwa Afrika, yalifika katika miaka ya 1890 na 1891 yakaua sehemu kubwa ya mifugo ya Afrika ya Mashariki. Nyuma ya sotoka zikaja njaa na ndui. Oscar Baumann, aliyesafiri mwaka 1892 kutoka Ngorongoro kuelekea Ziwa Victoria, aliwakuta Wamasai waliokonda kwa njaa baada ya kupoteza ng'ombe zao. Kwa mtu wa mjini, kifo cha ng'ombe ni hasara ya mali; kwa mfugaji ni zaidi ya hayo, kwa maana ng'ombe ndiye alaye majani na machipukizi na kuizuia nyika isirudi. Ng'ombe walipokufa, vichaka viliota mahali palipokuwa malisho; vichaka vikaleta mbung'o; na mbung'o wakawazuia watu na ng'ombe wasirudi tena walikotoka.

Nyika hiyo haikuondolewa kwa siku moja. Katika miaka ya 1920 Charles Swynnerton, aliyeongoza vita vya mbung'o katika Tanganyika, alifanya kazi hasa Shinyanga, ambako watu wengi walikusanywa na watemi wao kufyeka vichaka na kuchoma majani kwa wakati uliopangwa. Wasukuma walikuwa na desturi ya kazi za pamoja tangu zamani. Vijana walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, ambaye aliweza kuwaita walime shamba la mtu mmoja leo na la mwingine kesho. Serikali ilipotaka mikono mingi, iliikuta mikono hiyo imekwisha kupangwa. Kwa hiyo uwanda ulio wazi usidhaniwe kuwa ulizaliwa hivyo. Mahali pengi uwazi huo ni kazi ya jasho, na ni alama ya kale iliyo kubwa kuliko mnara wowote, ingawa haina maandishi. Kwa upande wa mashariki uwazi huo ulikutana na mpaka mwingine: mwaka 1951 Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa, na njia ambazo wawindaji na wachungaji walizipita kwa hiari zikawa na mwisho.

Utawala wa zamani nao una alama zake. Nchi ya Usukuma iligawanyika katika temi nyingi, kila mmoja ukiwa na ntemi wake. Na wengi hulihusisha jina hilo na neno kutema, yaani kukata, iwe ni kukata miti ya nchi mpya au kukata mashauri. Chini ya ntemi alikuwako ng'wanangwa, na eneo lake liliitwa gunguli. Gunguli halikuwa kijiji kwa maana ya nyumba zilizokaribiana. Lilikuwa ni kaya zilizotawanyika, kila kaya katikati ya mashamba yake, zikiunganishwa na mtu mmoja wa kuwaamua na wajibu mmoja wa kusaidiana. Hans Cory, aliyeandika sheria na desturi za Wasukuma katika miaka ya mwanzo ya 1950, aliukuta mpango huo ungali ukifanya kazi. Mwaka 1963, baada ya Uhuru, serikali iliondoa mamlaka ya watemi. Viti na ngoma za enzi baadhi yake vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Bujora, karibu na Kisesa. Lakini mipaka ya magunguli haikupelekwa Bujora, kwa sababu haichukuliki. Ilibaki mahali pake, katika kijito fulani, jiwe fulani, au mti fulani, na katika vichwa vya watu waliojua.

Kisha yafuata mambo ya pamba. Mmea huu ulipandwa kwa bidii chini ya utawala wa Kiingereza, na reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 ikaipa njia ya kutoka. Mkulima alipalilia miezi, akachuma siku nyingi, akabeba mzigo wake hata mnadani, na huko hukumu ya jasho lake lote ikawa katika mkono wa mzani. Wakulima wengi waliona kwamba mzani haukusema kweli. Malalamiko hayo ndiyo yaliyozaa vyama vya ushirika vya Jimbo la Ziwa. Kwanza waliwekwa wapimaji wa wakulima wenyewe. Ndipo Paul Bomani na wenzake wakajenga umoja wa vyama vya msingi, ukawa katikati ya miaka ya 1950 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Mwaka 1968 shirikisho hilo likawa Chama cha Ushirika cha Nyanza. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Ghala la pamba lenye kuta nene na mlango mpana, ambalo mgeni hulipita akidhani ni jengo la kawaida, ni mahali ambapo watu wasio na kura walijifunza kuchagua mwenyekiti, kusoma hesabu na kumwuliza mtu mkubwa zilikokwenda fedha. Kama Uingereza huhifadhi jumba ambalo wakulima walikutania, haidhuru Usukuma nao ukihifadhi mzani mmoja wa zamani.

Sasa yafikiwa mambo yaliyoufanya mwambao huu uonekane mpya machoni pa mgeni. Mwezi wa Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini si jambo la hiari tena, na katika mwaka 1974 watu wa mikoa ya ziwa walihamishwa kwa wingi kutoka kaya zao zilizotawanyika na kupangwa kwa safu, mara nyingi kando ya barabara. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ikavipa vijiji hivyo umbo la kisheria. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: shule, zahanati na maji yawafikie watu ambao serikali haikuweza kumfikia kila mmoja wao katika kaya yake ya peke yake. Shule nyingi zilijengwa, na watoto wengi wakapata kusoma. Lakini uhamisho ulifanywa kwa haraka, na mahali pengine kwa nguvu. Nyumba zilibomolewa ili wenyewe wasirudi, na mkulima aliyeijua luseni yake kama kiganja cha mkono wake akajikuta mbali nayo, akilala kando ya barabara na kuamkia safari ya kwenda shambani.

Kaya zilizoachwa ziliitwa matongo. Neno hilo lilikuwako tangu zamani, kwa kuwa Msukuma alizoea kuhama ardhi ilipochoka au msiba ulipompata. Itongo moja lilikuwa ni jambo la kawaida. Jambo lisilo la kawaida ni nchi nzima kuwa matongo katika mwaka mmoja. Nyumba ya udongo na nyasi haidumu. Mvua mbili tatu huilaza kuta, mchwa hula miti, na baada ya miaka michache pabaki kichuguu kidogo ambacho jembe hukisawazisha. Kitu kimoja tu hakikubali kufa upesi, nacho ni ua wa minyaa uliozunguka kaya na zizi. Mnyaa hauliwi na ng'ombe, haukaushwi na kiangazi, na tawi lake likichomekwa ardhini huota. Kwa hiyo mtu apitaye mashambani akaona minyaa imesimama kwa mstari au kwa duara mahali pasipo na nyumba, ajue kwamba amesimama mlangoni pa kaya ya mtu. Akitazama chini huenda akaona jiwe la kusagia lililoachwa kwa uzito wake, vigae vya vyungu, na udongo mweusi wa zizi ambamo mahindi hustawi kuliko pengine. Pembeni huenda pakawa na makaburi yasiyo na jina juu yake, ambayo wajukuu wanayajua kwa kuonyeshwa.

Mtu asidhani kwamba alama za namna hii ni dhaifu kwa sababu si mnara. Katika Uingereza yenyewe viko vijiji vilivyokufa. Kimoja chao ni Wharram Percy, katika nchi ya Yorkshire, ambacho wakazi wake wa mwisho waliondolewa karibu na mwaka 1500 ili ardhi iwe malisho ya kondoo. Kanisa lake lilibaki gofu, na nyumba zake zikawa matuta ya chini yaliyofunikwa na majani. Kwa karne nyingi wachungaji walipita juu ya matuta hayo. Mwaka 1950 Maurice Beresford alianza kuyachimba na kuyasoma, John Hurst akajiunga naye baadaye, na kazi ikaendelea kila mwaka hata 1990. Na kutokana na vigae, mifupa na misingi ya nyumba wakaonyesha jinsi mkulima wa kawaida alivyoishi, mtu ambaye vitabu vya wakubwa vilimhesabu pamoja na mali. Kumbe hata nchi ya minara ilipotaka kuwajua watu wake wadogo ilibidi isome majani. Tofauti moja ni kubwa: waliohamishwa Wharram Percy walikuwa wamekufa kwa miaka mia nne na zaidi, wala hapakuwa na mtu wa kuulizwa. Waliohamishwa mwaka 1974 wako ambao wangali hai. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka kumi wakati ule, akamwona baba yake akiondoa paa la nyumba, anaweza leo kuulizwa nyumba ilikuwa wapi, mlango ulitazama wapi, jirani alikuwa nani, na gunguli liliitwaje.

Ndiyo maana jambo hili lina haraka. Watu wameongezeka, ardhi imekuwa haba, na minyaa huonekana kuwa kizuizi katika shamba. Hung'olewa ili jembe la ng'ombe au trekta lipite bila kukata kona. Kila mstari ung'olewao ni ukurasa unaochanwa. Wala utawala hausaidii kumbukumbu, kwa kuwa mipaka yake hubadilika upesi: ardhi ya Kalemela imepata kuwa chini ya Wadachi waliokaa Mwanza, kisha chini ya Jimbo la Ziwa, kisha Mkoa wa Mwanza katika Wilaya ya Magu, na tangu 2012 Mkoa wa Simiyu katika Wilaya ya Busega. Atafutaye hati za mahali pamoja itampasa aende Mwanza, Magu, Busega, Bariadi na Dar es Salaam, na hata Berlin na London, hali mahali penyewe hapakusogea hata hatua moja.

Kazi inayotakiwa si ya fedha nyingi. Wanafunzi wa shule moja, wakiwa na daftari, kamba ya kupimia na mzee mmoja wa kuwaongoza, wanaweza katika likizo moja kuandika matongo ya mtaa mzima: jina la mwenye kaya, ukoo wake, mwaka aliojenga, mwaka aliohama, minyaa iliyobaki, na jina la kila jiwe na kijito kilichokuwa mpaka. Wanaweza kuandika majina ya furu ambayo wavuvi wazee wangali wakiyakumbuka. Wanaweza kuuliza nyimbo za ngoma zilitungwa mwaka gani na kwa sababu gani, kwa kuwa mashindano ya Bagika na Bagalu yalihifadhi habari nyingi ambazo hazikuingia katika daftari la bwana shauri. Daftari moja la namna hiyo, likiwekwa shuleni na nakala yake Bujora, litakuwa na thamani kwa Kalemela kama kile kitabu cha 1086 kilivyo na thamani kwa Waingereza. Na litakipita kwa jambo moja, kwamba litakuwa limeandikwa na wenyewe, kwa manufaa yao, wala si na mtoza kodi.

Kijiji kisicho na mnara si kijiji kisicho na habari. Mabruki Speke amelala bila jiwe, na wapagazi wenzake hata majina yao mengi hayajulikani. Hao wamekwisha kupita mkono wa mwandishi. Lakini mwenye kaya ya 1974 hajapita bado. Minyaa yake imesimama shambani, na mtoto wake anaketi kivulini akingoja mtu wa kumwuliza.